Kulea si Kumiliki: Paka Mama na Watoto Wake Watano

Maneno haya yalisemwa na mweka hazina wa kikundi kimoja cha kujisaidia kutoka Ukambani, katika mkutano wa vikundi vyenye maghala ya nafaka. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema. Yasomeni kwa sauti katika kikundi chenu, kisha mzungumzie maswali yaliyo mwishoni.



Nimeambiwa nizungumze juu ya paka. Naona wengine mnacheka. Chekeni tu, hata sisi tulicheka. Mtu ametoka mbali, amelipa nauli, alidhani ataambiwa habari ya mikopo au ya mbuzi wa maziwa, na sasa anaambiwa habari ya paka. Lakini nikimaliza mtaona kwamba habari hii ni ya mahindi, ni ya pesa, na ni ya watoto wetu.

Tulianza na panya

Kikundi chetu kina wanachama 18. Tuna ghala moja la mabati. Wakati wa mavuno ya Februari, bei ikiwa chini, tunanunua mahindi na ndengu kutoka kwa wanachama. Tunaweka. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, watu wakiwa hawana kitu nyumbani, tunawauzia kwa bei isiyowaumiza. Hiyo ndiyo kazi yetu.

Sasa, mkiweka mahindi mnajua ni nani anakuja kabla ya mnunuzi. Panya jike hubeba mimba wiki tatu tu, halafu anazaa watoto wengi kwa mara moja. Anatoboa gunia, anakula kidogo, anamwaga nyingi, na ile anayoacha ameikojolea. Mwaka mmoja tulishona magunia 11 yaliyotobolewa. Kila gunia ni la kilo 90, na kila kilo ina mwenyewe.

Mwaka juzi tukaamua kununua sumu. Mimi ndiye niliyetoa pesa kwenye sanduku. Mimi ndiye niliyeinunua kwa mchuuzi pale sokoni, kwa karatasi ndogo isiyo na maandishi. Mimi ndiye niliyeichanganya na unga na kuiweka kwenye pembe za ghala. Panya walikufa, ndiyo. Wengine walifia juu ya dari wakanuka wiki mbili. Kisha kuku wangu wawili wakafa. Kisha paka wa jirani akafa, kwa maana alikula panya aliyekula sumu. Na siku ya nne mtoto wa miaka miwili, mjukuu wa mwanachama wetu, aliingia ghalani na bibi yake, akaokota tonge la ule unga akatia mdomoni.

Alilala hospitali siku mbili. Tunashukuru alipona. Lakini mama yake, tangu siku ile, alikuwa akiniona njiani anainamisha kichwa na kupita. Sikumlaumu. Tukakubaliana sumu haitaingia tena katika ghala letu. Panya nao wakasikia habari hiyo wakafurahi. Si mnajua wahenga walisema, paka akiondoka panya hutawala.

Gunia lililokuwa likitikisika

Mwaka jana, Februari, siku ya soko, mimi na mwenzangu tulikuwa tunarudi nyumbani jioni. Kando ya barabara kuna mtaro. Tukaona gunia limefungwa kwa kamba ya katani, linatikisika. Mwenzangu akasema, "Twende, hiyo ni maneno ya watu." Mimi nikaogopa pia, lakini nikasikia sauti ndogo ndani. Tukafungua.

Alikuwa paka mweusi mwenye kifua cheupe, amekonda mpaka mbavu zinahesabika, na chini yake watoto watano. Macho yao yalikuwa bado yamefungwa na vitovu havijadondoka. Walikuwa na siku tatu au nne hivi. Mtu alikuwa ameamua kuwatupa kabla ya mvua. Nani, sijui, na sikuja hapa kumtafuta. Yawezekana alikuwa mtu mwenye shida zake tu, aliyeona paka wamezidi nyumbani. Lakini nataka mjue kwamba Kenya ina sheria inayokataza kutesa wanyama, ni Sura ya 360. Kumfunga mnyama kwenye gunia na kumwacha afe si jambo dogo.

Tuliwatia kwenye kiondo, tukafunika kwa leso, tukaenda.

Kikundi karibu kivunjike

Kesho yake ilikuwa siku ya mkutano. Nilidhani watu watafurahi. Wapi! Mzee mmoja alisema paka mweusi ni wa wachawi, na kama kikundi kitafuga mnyama huyo yeye atatoa hisa zake. Mama mwingine akasema, na alikuwa na haki, "Sisi tunahesabu unga kwa kikombe, na wewe unataka tulishe paka sita?" Kijana mmoja akasema tumchukue mama peke yake tumweke ghalani, watoto tuwazamishe kwenye ndoo.

Mabishano yalikuwa makali. Ndipo mama mzee kuliko sisi sote, ambaye kwa kawaida hasemi, akauliza, "Hao panya wa ghala, kabla ya kukimbia, huwa wanauliza paka ni wa rangi gani?" Watu wakacheka, na joto likashuka.

Tukaanza kuzungumza vizuri. Tulipatana mambo matatu. Kwanza, hatuwafugi. Tunawalea tu, kwa muda wa miezi mitatu, halafu kila mtoto anapata nyumba yake. Pili, kila mwanachama atatoa shilingi 20 kwa wiki, na asiye na pesa atatoa yai au omena ya thamani hiyo. Hiyo ilikuwa shilingi 360 kwa wiki. Tatu, mlezi ni mmoja, na hesabu inaandikwa kwenye daftari, kwa sababu mali bila daftari huisha bila habari. Mlezi nikawa mimi. Nilikuwa na chumba cha binti yangu aliyeolewa, na mimi ndiye niliyenunua ile sumu. Nikaona hapana, deni hili ni langu.

Siku za kwanza

Mama paka aliyetupwa haamini mtu. Usimsonge. Nilichukua katoni, nikaikata mlango mdogo upande mmoja, nikatandika magunia makuukuu yaliyofuliwa na juu yake kitambaa laini. Nikaiweka kwenye pembe yenye giza, mbali na mlango na mbali na mbwa. Watoto wa paka katika wiki za kwanza hawawezi kujipa joto wenyewe. Joto lao ni mama na ni wenzao. Mvua ikinyesha usiku nilikuwa natia maji moto kwenye chupa, naifunga kwa kitambaa, naiweka kando ya katoni ili anayetaka asogee na asiyetaka aondoke.

Kosa la kwanza lilikuwa la majirani. Kila mtoto wa kijiji alitaka kuona. Siku ya pili mama paka alibeba watoto wake mmoja mmoja kwa mdomo, akawaficha nyuma ya magunia ya mkaa. Alikuwa ananiambia, "Hapa kuna watu wengi." Nikafunga mlango, nikasema hakuna mtu kuingia wiki mbili ila mimi. Akawarudisha mwenyewe.

Chakula cha mama ndicho chakula cha watoto. Anayenyonyesha watano hula mara mbili au zaidi ya kawaida yake. Na paka si mbwa. Mbwa anaweza kuishi kwa ugali na mchuzi, paka ni lazima apate nyama au samaki, mwili wake umeumbwa hivyo. Mimi nilichemsha omena bila chumvi, nikasaga, nikachanganya na ugali kidogo tu. Siku ya soko nilinunua matumbo. Mara moja moja yai lililopikwa. Maji safi yawe karibu saa zote. Usimpe mabaki ya mchuzi wenye vitunguu, kwa maana vitunguu huharibu damu ya paka. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, hupasuka ikamchoma tumboni.

Na maziwa ya ng'ombe? Sisi sote tumelelewa tukijua paka hunywa maziwa. Kumbe paka wengi tumbo lao haliyawezi, wanahara, na mtoto wa paka akihara anakauka maji kwa muda mfupi na kufa. Kama mama yupo na ana maziwa, mwache afanye kazi yake. Kama mama amekufa, nenda kwa daktari wa mifugo mara moja akuelekeze maziwa yanayofaa. Na usisahau kwamba mtoto asiye na mama hawezi hata kukojoa mwenyewe katika wiki tatu za kwanza. Mama humlamba. Wewe utampangusa chini taratibu kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu kila baada ya kula.

Kosa langu

Sasa nataka kusema jambo ambalo sikutaka kulisema, lakini kikundi kilisema lazima.

Siku ya kumi niliona viroboto. Watoto walikuwa wamejaa. Viroboto wengi hunyonya damu ya mtoto wa paka mpaka ufizi unakuwa mweupe, kwa hivyo nilikuwa na haki ya kuogopa. Nyumbani nilikuwa na dawa ya kupe ya ng'ombe. Nikafikiri, ng'ombe haimdhuru, nikiizimua sana paka haitamdhuru. Nikachukua mtoto mmoja, yule mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, nikampaka kidogo tu. Nilitaka kujaribu na mmoja kwanza.

Kufika usiku alikuwa anatetemeka na kutoa mate. Mama yake akamlamba, na yeye pia akaanza kutoa mate. Nikawaosha wote wawili kwa sabuni ya kipande na maji ya vuguvugu, nikampigia daktari simu. Mama alipona. Mtoto alikufa alfajiri, mkononi mwangu.

Nisikilizeni, ndugu zangu. Dawa nyingi za kupe na viroboto tunazotumia kwa ng'ombe na mbwa ni sumu kwa paka. Ini la paka haliwezi kuzivunja. Ni hivyo hivyo na dawa za maumivu za watu: kidonge kimoja cha parasetamoli kinatosha kumuua paka mzima. Daktari aliniambia njia ya viroboto kwa watoto wadogo ni rahisi na haina gharama. Chukua kitana chenye meno ya karibu karibu, kama kile cha chawa. Chana mtoto taratibu, chovya kitana kwenye maji ya sabuni, viroboto wafe humo. Badilisha matandiko, yafue kwa maji moto, yaanike juani. Fanya hivyo kila siku. Dawa ya paka ipo, lakini daktari ndiye anayesema ni ipi na ni kwa umri gani.

Nilimzika chini ya mwarobaini. Nilikuwa na paka watano sasa, si sita, na katika daftari niliandika kwa kalamu nyekundu: "Mmoja amekufa. Kosa la mlezi." Kikundi kiliposoma hakuna aliyenifukuza. Lakini tangu siku ile hakuna dawa iliyoguswa bila kuuliza.

Wiki kwa wiki

Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Hivi ndivyo wanavyokua, mpate kujua kama mambo yanakwenda sawa.

Wiki ya kwanza hawaoni na hawasikii. Wananyonya na kulala. Akizaliwa ana karibu gramu 100, na kila siku anaongeza gramu 10 hadi 15. Mimi nilikuwa napima kwa mizani ndogo ya kupimia sukari, muda ule ule kila asubuhi. Asiyeongeza siku mbili, kuna shida.

Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Usiyafungue kwa vidole. Yakiwa na usaha, pangusa kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, umwite daktari.

Wiki ya tatu wanajaribu kutembea kama mlevi. Hapo ndipo dawa ya minyoo inaanza, na inarudiwa kila wiki mbili. Mama naye apewe.

Wiki ya nne weka chakula laini kwenye kisahani. Watakikanyaga zaidi ya kukila, usikasirike. Weka pia karai lenye mchanga. Watajifunza kwa kumwona mama.

Kati ya wiki ya pili na ya saba ndio wakati wa kuzoea watu. Mtoto wa paka asiyeshikwa na mkono wa mtu wakati huo hugeuka kuwa paka shume, anakimbia watu maisha yake yote. Hapo sasa nilifungua mlango, nikaita watoto wa jirani, wawili wawili, wakae chini, wanyamaze, washike kwa upole.

Kuanzia wiki ya tano mama alianza kuleta panya. Kwanza waliokufa, baadaye walio hai nusu. Anawafundisha. Hiyo ndiyo sababu moja ya kutomtoa mtoto kwa mama kabla ya wiki nane. Akitolewa mapema anaugua kwa urahisi, anauma watu, na shule ya panya hajamaliza.

Watu wengine husema ukimlisha paka hakamati panya. Si kweli. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, ni tabia yake. Mwenye njaa anahama kutafuta jikoni kwa watu. Aliyelishwa kidogo jioni ndiye anayebaki ghalani usiku.

Afya ya watu wa nyumbani

Hapa akina mama tusikilize vizuri. Katika kinyesi cha paka kunaweza kuwa na vijidudu vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mama mwenye mimba asisafishe lile karai, mtu mwingine afanye. Vijidudu hivyo huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hivyo karai lisafishwe kila siku, kinyesi kifukiwe mbali na kisima na mboga, na mikono ioshwe kwa sabuni. Mwenye mimba hana haja ya kumtupa paka. Ana haja ya msaidizi.

La pili ni kichaa cha mbwa. Kinaitwa cha mbwa, lakini paka naye anakipata na anakiambukiza. Mwaka 2014 serikali ilianza mpango wa kumaliza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030, na Makueni ni mojawapo ya sehemu ulipoanzia. Chanjo ya paka huanza akiwa na umri wa miezi mitatu. Ndiyo maana tulisema tunalea miezi mitatu, si miwili. Tuliwapeleka wote kwa kiondo siku daktari alipokuja kuchanja mbwa. Na mtu akiumwa au kukwaruzwa na mnyama asiyemjua, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kuona kama ataugua. Dalili zikianza, hakuna dawa tena.

Kutafuta nyumba

Watoto wanne, na watu 23 waliomba. Kila mtu alikuwa amesikia habari. Ilikuwa rahisi kugawa tu. Lakini tuliweka maswali matano. Je, nyumbani kwako kuna sumu ya panya? Utamlisha nini? Atalala wapi? Nani atamtunza ukisafiri? Na je, utakubali tumfunge uzazi akifika umri? Halafu karatasi ya makubaliano, sahihi au kidole gumba, na mwisho maneno haya: kikundi kinaweza kuja kutazama, na kinaweza kumrudisha.

Mtu mmoja mwenye duka kubwa alikuja na pesa mkononi. Tulimwuliza swali la kwanza. Akasema sumu ipo, atamwambia paka asiile. Tukakataa. Alikasirika, na hadi leo hajarudi.

Mmoja alienda shule ya msingi, kwenye stoo ya jikoni. Mpishi ndiye aliyetia sahihi. Mwingine alienda kwa mjane mwenye kuku wengi. Yeye alimweka wiki ya kwanza pale pale vifaranga wanapopita, lakini ndani ya tenga, wazoeane. Hajagusa hata kimoja. Wa tatu alikwenda kwa mama anayeuza nafaka sokoni.

Wa nne alikuwa jaribu letu. Alichukuliwa na ndugu wa mwenyekiti wetu. Baada ya wiki moja tulikwenda kutazama. Tulimkuta amefungiwa ghalani bila maji wala chakula, ati njaa itamfundisha kazi. Amekonda, sauti imekauka. Wote tulimtazama mwenyekiti. Mnajua jinsi ilivyo ngumu. Mwenyekiti alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Karatasi ni karatasi," akamchukua mtoto wa paka mwenyewe, akamtia ndani ya koti lake. Nyumbani kwa ndugu yake hakualikwa kula Krismasi iliyofuata. Lakini siku ile kikundi chetu kilikua.

Nilikaa na yule wa nne wiki mbili zaidi. Jioni moja mtu akabisha hodi. Alikuwa yule mama wa mtoto aliyekula sumu. Hakukaa. Alisimama mlangoni akasema, "Nimesikia amerudishwa. Kwangu hakuna sumu." Nikamwuliza maswali yale manne yaliyobaki, kama mtu mwingine yeyote. Akayajibu. Akatia sahihi. Mtoto wake ndiye aliyebeba kiondo. Siku hizi tukikutana njiani ananisalimia, na ananiambia paka anaendeleaje.

Mtu akiniuliza kama sikulia nilipowatoa, nililia. Umeamka naye usiku, umempima kila asubuhi, sasa unampa mtu mwingine. Lakini mlezi anayekataa kutoa hujaza nyumba, halafu yeye mwenyewe anachoka, na mwisho gunia linarudi mtaroni. Kulea si kumiliki. Unampitisha mahali pabaya, unamfikisha pazuri, unafungua mkono.

Mama paka na kazi iliyobaki

Yeye alibaki kwetu. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe lake ni ghala. Lakini kabla ya hapo tulimfunga uzazi, maziwa yalipokauka. Paka jike anaweza kubeba mimba akiwa na miezi minne tu, mimba ni wiki tisa, na anaweza kushika nyingine akiwa bado ananyonyesha. Mkilea bila kufunga uzazi, mwakani mtaokota magunia mawili. Gharama ilikaribia bei ya gunia la mahindi. Tulichanga miezi miwili. Wengine walinung'unika, nami nilikuwa mmoja wao, lakini ni mara moja katika maisha yake. Baadaye na wale wanne walifuata, kila nyumba ikilipa nusu na kikundi nusu.

Sitawadanganya kwamba paka peke yake amemaliza panya. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tulizungushia miguu ya kichanja vipande vya bati ili panya wasipande. Tuliinua magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Tulifyeka majani kuzunguka ghala na kufagia kila punje iliyomwagika. Vyote hivyo pamoja na yeye. Mwaka huu tumeshona magunia mawili tu. Daftari liko hapa, mnaweza kulisoma.

Na yule mzee aliyetaka kutoa hisa zake? Wiki iliyopita nilimkuta ameketi mlangoni mwa ghala, paka mweusi amelala miguuni pake. Nikamwambia, "Mzee, huyu si ni wa wachawi?" Akanijibu, "Huyu sasa ni mwanachama."



Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Je, sumu ya panya inatumiwa katika nyumba zetu? Inawekwa wapi, na nani anaweza kuifikia?
2. Tukiokota mnyama aliyetupwa, ni nani kati yetu ana nafasi ya kulea, na wengine watasaidia kwa nini?
3. Ni dawa gani ziko nyumbani ambazo tunazitumia kwa mnyama yeyote bila kuuliza?
4. Chanjo ya kichaa cha mbwa hufika kwetu lini? Nani atauliza kwa afisa wa mifugo kabla ya mkutano ujao?
5. Kama aliyevunja makubaliano ni ndugu wa kiongozi wetu, tungefanya nini?